Duara la Manjano

Shirini aliingia duka la Marumaru mchana wa Jumanne, na kabla hajavuka mlango vizuri, duara jeupe lilikwisha kutandazwa chini ya miguu yake. Mwenyewe hakuliona. Maduara yale huonekana kwa mwenye miwani ya kazi tu, na aliyekuwa ameivaa siku hiyo ni Mwanahawa, dada yake. Mwanahawa akaliona likimfuata mdogo wake kutoka rafu hadi rafu, jeupe pe kama maziwa, akahisi kitu kikimbana kifuani. Alikifahamu kitu hicho tangu utotoni. Wala tusikitafutie jina la kupendeza: ulikuwa wivu.

Marumaru ni duka la vitambaa pale Kigamboni Mpya, na mlinzi wake ni mtambo uitwao Bawabu. Kamera za Bawabu hukaa darini na kumsoma kila aingiaye: uso, ngozi, nywele, mwendo, hata namna mikono inavyoning'inia. Kisha humpa duara lake. Mwenye duara jeupe, ambalo wahudumu huliita la maziwa, huletewa kiti, juisi ya ukwaju na punguzo la bei ambalo hata hajaliomba. Mwenye la manjano huandamana na mhudumu, anayekunja vitambaa visivyohitaji kukunjwa, karibu na bega la mteja, akitabasamu. Jekundu humwita askari. Mfanyakazi hana duara. Ukishavaa miwani ya kazi, Bawabu hukuhesabu mtu wa nyumbani.

Wenye duka huapa kwamba Bawabu hakufundishwa rangi ya mtu wala kabila lake, na kusema kweli hawadanganyi. Walichompa ni picha za miaka ya nyuma, enzi za walinzi wenye damu na mishipa, waliokuwa wakiwafuata wateja madukani. Bawabu akatazama walimfuata nani na walimwacha nani, akalishika somo. Ndiyo maana mama wa Kizaramo aliyekuja na fedha zake hupata manjano, na kijana wa Kizungu mwenye kandambili zilizokatika hupata maziwa. Wahudumu wote wanalijua hilo. Hakuna anayelisema, kwa sababu mshahara ni mzuri na kazi nyingine hazipo.

Mwanahawa na Shirini walitoka tumbo moja kwa baba mbalimbali. Baba yake Mwanahawa alikuwa Mmwera wa Lindi, mweusi tititi, aliyefariki binti yake akiwa bado anatambaa. Baba yake Shirini alikuwa Mbulushi wa Ilala, naye alimwachia mwanawe pua ndefu, nywele za kulala na weupe. Walipokuwa wadogo, wakitumwa chumvi au mafuta, mwenye duka alimwongezea Shirini pipi na kumwuliza Mwanahawa ameshika nini mkononi. Wakirudi nyumbani na pipi moja, mama yao, Bi. Mwajabu, hucheka na kusema kwamba Shirini ana nyota ya kupendwa. Mwanahawa alikua akiisikia hiyo nyota kila siku ya Mungu. Alipoajiriwa Marumaru na kuvaa miwani kwa mara ya kwanza, akaiona nyota yenyewe inavyofanana, lakini hakumwambia mtu nyumbani.

Kuna siku ya mapumziko aliwahi kuingia dukani humo kama mteja, bila miwani, katika gauni lake zuri kuliko yote. Mwenzake ambaye jana yake walikula naye wali na maharage sahani moja alianza kukunja vitambaa nyuma yake. Walitazamana mara moja tu, kisha kila mmoja akashika njia yake, na suala hilo hawakulizungumza tena.

Basi Jumanne hiyo Shirini alimwona dada yake kwa mbali, akamjia na glasi ya ukwaju mkononi, akamwambia kwa furaha yote, "Dada, hawa wenzako wakarimu jamani. Kila nikija nakuta kiti kinaningoja."

Mwanahawa akamjibu kwamba ndiyo, hapa mgeni huheshimiwa sana.

*

Harusi ya Shirini ilikuwa inakaribia, na nyumbani kwao Tandika hapakuwa na mazungumzo mengine. Katika ukoo wa Bi. Mwajabu kuna desturi isiyovunjwa: sare ya harusi, kitambaa kile watakachovaa wanawake wote wa upande wa bibi harusi, huchaguliwa na dada yake mkubwa. Si mama, si shangazi, si bibi harusi mwenyewe. Dada mkubwa akichagua vizuri, husifiwa miaka na miaka; akichagua vibaya, picha zipo ukutani na hazifutiki. Mwanahawa alikuwa amelingoja jambo hilo kuliko alivyoingoja harusi yake mwenyewe. Kwa mara moja katika maisha yake, watu wangemtazama Shirini na kusema kazi hii ni ya Mwanahawa.

Kitambaa alikwisha kukiona. Kilikuwa cha rangi ya mdalasini, chenye uzi mwembamba wa dhahabu pembeni, na alikuwa amekisukuma nyuma ya mengine kwenye rafu ili kisiuzwe.

Jioni hiyo, wakiwa wanakunywa chai mkekani, Bi. Mwajabu akasema sare itanunuliwa Marumaru, na atakayekwenda kuichagua ni Shirini. Mwanahawa alidhani hakusikia vizuri. Akakumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa, na isitoshe yeye ndiye anayefanya kazi pale.

"Wewe ni mfanyakazi wao, mwanangu, na mfanyakazi habembelezwi," mama akasema, bila ubaya wowote. "Akienda mwenzio wanamshushia bei kabla hajafungua mdomo. Wewe huna nyota na watu wale. Tutafanyaje?"

Shirini alisema angependa dada aende, kwani ndiyo desturi, lakini mama akamkata kauli kwamba desturi hailipi mafundi. Mwanahawa akacheka, akamwongezea kila mtu chai, akasema hamna neno. Angeweza kuwaeleza palepale juu ya maduara. Lakini kuwaeleza kungekuwa kusema kwa kinywa chake mwenyewe jinsi anavyoonekana akiingia dukani, na hilo alikuwa hawezi, hasa mbele ya Shirini.

Bi. Mwajabu akawapa somo ambalo walikwisha kulisikia mara nyingi. Enzi zake alichuuza vitambaa Kariakoo, akavibeba kichwani mtaa kwa mtaa, na hakuwahi kuuziwa kibovu. Kitambaa hukitazami, alisema, kwa sababu macho ni rahisi kuhongwa. Unakigeuza upande wa ndani, unakisugua chini ya sikio, pale penye ngozi laini. Kikikuwasha, kina uongo. Kisha mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, mnavuta na kusikiliza kama nyuzi zinakatika. Mabinti wote wawili walijifunza hivyo kabla hawajajua kusoma, na hata leo wakishika kitambaa, mkono huenda sikioni wenyewe.

*

Kila mhudumu wa Marumaru huvaa pete kidoleni, na pete ile ni ulimi wake kwa Bawabu. Ukiona jambo ambalo kamera hazikuliona, unaiminya, na Bawabu humtazama upya mteja aliye mbele yako. Hamwamini kila mtu sawasawa. Mhudumu anayeminya ovyo hupuuzwa. Mhudumu asiyekosea, neno lake huwa zito. Mwanahawa hakuwa amekosea hata mara moja, na picha yake ilitundikwa karibu na mlango wa jikoni kama mhudumu bora. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Shirini alikuja asubuhi ya Alhamisi, akaketishwa, akapewa ukwaju. Alipitia rafu ya kwanza, akaipita ya pili, na alipofika ya tatu akaingiza mkono nyuma ya vitambaa vilivyopangwa mbele, akatoa kile cha rangi ya mdalasini. Mwanahawa alikuwa upande wa pili wa rafu. Alitazama mdogo wake akikigeuza, akikisugua chini ya sikio, akifumba macho kidogo kama mama yao anavyofanya. Hata hicho. Katika duka zima lenye vitambaa vya kufunika uwanja wa mpira, alikichukua hichohicho, na watu wangesema, huyu Shirini ana jicho, huyu Shirini ana nyota.

Mwanahawa akaiminya pete.

Duara jeupe lilitetemeka, likafifia, likarudi kuwa jeupe. Bawabu hakuamini. Mwanahawa akaiminya tena, safari hii akaishikilia, kama walivyofundishwa kufanya pale mhudumu anapokuwa na hakika kabisa. Maziwa yakachafuka, kisha yakawa manjano.

Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Glasi ya ukwaju iliondolewa ikiwa bado na nusu. Mhudumu mwingine akatokea, akaanza kukunja vitambaa karibu na bega la Shirini. Shirini alimtabasamia, akasogea. Mhudumu akasogea. Shirini akaenda rafu ya mbali, na yule akagundua kwamba hata huko kuna vitambaa vya kukunjwa. Hapo Shirini akaitazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayejiuliza imefanya nini, akageuka kumtafuta dada yake. Mwanahawa aliinama kupanga mabunda ya rafu ya chini.

Na ilikuwa tamu. Tuseme ukweli, ilikuwa tamu kuliko pipi zote alizonyimwa. Ndani ya muda wa kumaliza juisi, Shirini alikuwa amejua jambo ambalo Mwanahawa alilijua maisha yake yote. Alikirudisha kitambaa mahali pake taratibu, akiwa amenyoosha vidole wazi ili kila mtu avione, akatoka nje bila kuaga.

Jioni ile Mwanahawa alifika nyumbani akaambiwa mdogo wake anaumwa kichwa na amelala. Hakwenda kumwangalia.

*

Kesho yake aliitwa na Eliaika, fundi wa Bawabu, mtu wa Machame asiyejua kupaza sauti. Eliaika alimkalisha, akafungua kishikwambi chake, akamwambia kwamba alama yake ya jana imemsumbua sana Bawabu.

Akaeleza kwa utaratibu. Bawabu akipewa alama nzito hutafuta sababu, ili wakati mwingine amtambue mtu wa namna hiyo mapema. Sasa, yule msichana alikuwa mweupe, na Bawabu ana watu weupe maelfu kwa maelfu walioingia na kutoka bila kufuatwa na mtu. Asingeweza kuulaumu weupe. Kwa hiyo alitafuta mahali pengine.

"Ameulaumu mkono," Eliaika akasema, akamwonyesha picha ya Shirini akisugua kitambaa chini ya sikio. "Huu hapa. Na kidevu, na mwendo huu wa kulalia mguu wa kushoto. Tangu asubuhi kila mwanamke anayepima kitambaa hivi anapandishwa hatua moja. Wengi ni akina mama wa sokoni. Walikuwa manjano tangu zamani, sasa wanakwenda nyekundu."

Mwanahawa alikitazama kidevu kile kwenye kioo cha kishikwambi. Alikuwa nacho yeye. Mwendo pia alikuwa nao.

Eliaika akamwuliza kama kweli aliona wizi. Akamwambia wazi kwamba akisema alikosea, alama itafutwa na yote yaliyozaliwa nayo. Lakini mhudumu akiminya kwa kushikilia na ikathibitika ni uongo, hurudisha miwani na pete siku hiyohiyo, ndiyo sheria ya duka. Akinyamaza, Bawabu ataendelea na somo lake. Eliaika hakumsukuma. Alimpa hadi saa ya kufunga.

Mwanahawa alirudi kwenye rafu akipiga hesabu zote mbili kichwani. Mshahara wake ndio ulioilisha nyumba tangu mama alipoacha kuchuuza. Nani angefaidika akiwa hana kazi? Alikwisha kuamua kunyamaza, na alikuwa anajipa sababu nzuri nzuri za kunyamaza, wakati mlango ulipofunguka na Bi. Mwajabu akaingia.

Alikuwa amejifunga doti mpya ya kanga, na kikapu kilikuwa mkononi. Hakuwahi kukanyaga Marumaru. Duara lilimpokea mlangoni, na lilikuwa la manjano. Kutoka kwenye miwani, ambayo huzungumza na Bawabu na fundi wake pia, sauti ikasema ndani ya sikio la Mwanahawa, mhudumu aliye karibu aandamane. Aliyekuwa karibu ni yeye.

Akaandamana na mama yake.

Bi. Mwajabu alifurahi mno. Alidhani binti yake ameacha kazi zote kwa heshima yake, na alitembea polepole, kikapu kikining'inia, akiwatazama watu kuhakikisha wanaona. Akasema kumbe hapa ana cheo, kumbe wanamruhusu kumfuata mgeni wake. Mwanahawa alitembea nyuma ya bega lake. Mikono yake ilikuwa inakunja kitambaa bila yeye kuiambia.

Mama akaeleza kilichomleta. Shirini amegoma kula. Amesema duka lile halimtaki, na zaidi ya hapo hataki kusema, ila neno moja tu.

"Amesema uchague wewe," Bi. Mwajabu akasema. "Kasema sare ni haki ya dada, na tulikudhulumu, ndiyo maana mambo yameharibika. Nami nimeona ana haki. Nilikosea, mwanangu. Haya, nionyeshe kitambaa ulichokipenda."

Mama hakungoja jibu, alikuwa mchuuzi, na macho yake yalikwisha kukiona cha rangi ya mdalasini kikichungulia nyuma ya mengine. Akakivuta, akakigeuza upande wa ndani, akakisugua chini ya sikio, akafumba macho kidogo.

Duara likawa jekundu. Kule mlangoni askari akaacha nafasi yake, akaanza kuja.

"Eliaika," Mwanahawa akasema kwenye miwani, kwa sauti ambayo mama yake aliisikia na wateja wa karibu waliisikia. "Futa ile alama. Sikuona kitu chochote. Yule ni mdogo wangu, nilimwonea gere."

Sikioni mwake Eliaika akasema sawa, anafuta. Wekundu ulififia. Manjano yakarudi, na Mwanahawa akaendelea kuyatazama akingoja yasafike. Hayakusafika. Akauliza kama alama imetoka yote.

"Imetoka yote," Eliaika akasema. "Yule msichana amerudi maziwa. Huyu bibi ndiyo rangi yake."

"Ni mama yangu."

"Pole, dada. Hiyo si alama yako. Ndiyo aliyoingia nayo."

Bi. Mwajabu alikuwa bado ameshika kitambaa. Aliuliza rangi gani inayosemwa, na askari yule anamtazama nani. Basi Mwanahawa akamweleza, wamesimama hapohapo kati ya rafu: duara, maziwa, manjano, kiti cha Shirini, juisi, punguzo. Akamweleza kwamba hakuandamana naye kwa heshima, alitumwa. Akamweleza na la jana, yeye mwenyewe na pete yake, bila kuliremba.

Mama akautazama mguu wake. Akauinua kidogo, kama anayekwepa tope, akaushusha palepale.

"Kwa hiyo haikuwa nyota," akasema.

"Haikuwa nyota, mama."

"Miaka yote hiyo nakwambia nyota."

Hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu kwamba jioni Mwanahawa atamwambia mdogo wake kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye mama atakuwepo kusikiliza. Kisha akanyoosha mkono akaomba miwani. Mwanahawa akaivua, akampa, na Bi. Mwajabu akaivaa juu ya ushungi wake, ikakaa upande.

Alitazama chini ya miguu yake mwenyewe kwanza. Hapakuwa na kitu. Mwenye miwani ni mtu wa nyumbani. Kisha akainua macho kwa binti yake aliyesimama mbele yake bila miwani, akayashusha hadi sakafuni, akakaa akiangalia hapo kwa muda mrefu.

"Langu silioni," akasema. "Naliona lako."

Akaivua ile miwani, akaiweka juu ya rafu, vioo vikielekea chini. Mwanahawa akaivua pete, akaiweka kando yake. Askari alikuwa amekwisha kufika, amesimama hatua chache kutoka kwao, hajui afanye nini na mikono yake. Bi. Mwajabu akashika ncha moja ya kitambaa cha rangi ya mdalasini, ncha ya pili akamnyooshea binti yake.

"Shika huko," akasema. "Vuta, tusikie."

Wakavuta.